Mama Mukwe Anasema na Mbabula

Kapata, mu Kolwezi

Yaya Numbi, mukubwa wetu sisi bote,

Muko wazima? Mama anakula muzuri? Yale magoti yake inamuacha alale? Bwana yako fundi baiskeli eko na kazi bado, ao Kiambi nzima ilishanunua pikipiki na yeye anabaki kupaka mafuta minyororo ya zamani? Kama mulifungua macho leo asubui na kila mutu akajikuta pa kitanda yake, basi namushukuru Mungu mbele ya kuanza. Na mi niko muzima. Kichwa iko muzima, mikono iko mizima, mudomo usiulize, ule siku ya kunizika batauzika pembeni juu usisumbue majirani. Toka kiuno kwenda chini, ndio mambo ya hii barua.

Utauliza juu ya nini Ngoy anaandika ku karatasi sawa mutu wa zamani, na simu iko. Sababu ni mbili. Ya kwanza: kwa simu mi nadanganya muzuri sana. Nikisikia tu "alo" yako, mudomo inaanza kucheka yenyewe, na mbele ya kumaliza salamu nimeshakuambia kama naishi sawa ministre. Ku karatasi, kalamu inaenda polepole, uongo inachoka njiani. Ya pili: kuna mutu nyuma ya pazia, karibu na kichwa yangu, na anasikia yote. Anasoma Biblia ya Kiluba ya Kasai tu, na kidole, kwa hiyo ku karatasi niko huru. Sasa hivi anakata mboga ya lengalenga. Kila nikisimamisha kalamu, na yeye anasimamisha kisu.

Kwa simu nilikuambia kama nilianguka kidogo, mugongo inauma, na muke yangu Mbuyi ananichunga. Mu ile maneno yote, ya kweli ni mugongo.

Batu wa kwetu bakisikia Kolwezi banawaza shimo ya madini. Hapana. Mi niliingia mu mashimo ya Mutoshi na nikatoka na meno yangu yote, nikaacha ile kazi juu nilijua dunia iko kubwa. Nikakuwa mutu wa gari kubwa za mizigo. We mwenyewe unajua fasi nilifika: Kasumbalesa sawa mu nyumba yangu, Ndola kuna mama muuza samaki mupaka leo anauliza "yule Mukongomani wa kofia eko wapi?", Lusaka nililala mu hoteli ya ngazi inayotembea yenyewe. Basi huyu Ngoy wa Lusaka, siku moja ya kiangazi, alikuwa juu ya gari imejaa mifuko ya mawe ya madini, anafunga bashi, ile turubai kubwa ya kufunika mali. Nilikuwa navuta kamba na uzito yangu yote, mugongo ikiangalia chini. Kamba ikakatika. Ni hiyo tu, Yaya. Natafutaka namna ya kuihadisia ikuwe kubwa, niongeze mulipuko ao nyoka, lakini ni kamba.

Nilianguka kwa mawe sawa mufuko. Sikusikia maumivu ya miguu, nikafurahi, nikasema miguu imepona. Bakamaradi balinibeba na upendo mukubwa na akili kidogo: mumoja mikono, mumoja miguu, tumbo katikati inaning'inia sawa nyama ya soko. Bakanikalisha pa pikipiki, wima, kati ya dereva na Gaston, ule Gaston muchukuzi wa mifuko mwenye nilikuambiaka ana shingo sawa ng'ombe. Kila shimo ya barabara nilikuwa nasikia kitu ndani ya kiuno inasaga. Kufika ku hopitali, daktari akauliza: "Nani alimuleta huyu na pikipiki?" Gaston akanyoosha mukono juu, meno yote inje. Alifikiri banataka kumushukuru.

Daktari alisema mufupa moja ya kiuno imepasuka, vipande imefinya ule uzi mukubwa wenye kupita mu uti wa mugongo. Haukukatika wote. Umefinywa. Itarudi kiasi gani, hakuna mutu anajua. Nikamuambia: "Daktari, mi nilishapita mupaka wa Kasumbalesa bila karatasi, hii ndio itanishinda?" Hakucheka. Batu wa mifupa habachekake.

Amri ilikuwa moja: nilale palepale, nisijikunje, lakini nigeuzwe kila nyuma ya masaa machache, mwili yote pamoja sawa ubao, juu ngozi isioze. Na we unajua hopitali zetu. Nesi anatoa dawa, bingine byote ni kazi ya jamaa: kupika, kufua, kutoa mavi, kugeuza. Mugonjwa bila mutu wake pembeni ni sawa valizi ya safari yenye kusahauliwa.

Mwanzo Mbuyi alikuwa pembeni yangu. Alikuwa ananigeuza akilia, machozi inaingia mu sikio yangu. Siku moja akasema anaenda Likasi kusalimia shangazi. Mupaka leo anasalimia. Usimutukane, Yaya, na usimuache mama amutukane. Alikuwa na mikono midogo na hofu kubwa, na mutoto hatukupata bado wa kumufunga pa kitanda yangu. Nyuma yake bakamaradi ba gari balikuwa banapokezana, kisha gari ikaenda Zambia na bo bakaenda na gari. Bamama wenye kulinda bagonjwa ba pembeni balinihurumia, lakini kila mumoja ana mugonjwa wake. Mi nilikuwa nachekesha chumba nzima toka asubui. Baliniita Ministre wa Kulala. Balikuwa banafikiri ni tabia. Lakini Yaya, ukichekesha mutu, hatokake haraka. Anabaki kidogo pa kitanda, anafuta macho, anasema "we Ngoy, we!" Na mu ile dakika naomba: "Mama, na mukono iko hapo, nisukume kidogo ku upande wa kuume."

Ngozi ikaoza. Ku matako, fasi mutu hawezi kujionea mwenyewe. Nilijua kwa harufu, na kwa namna bamama bale baligeuza bitanda byao biangalie dirisha.

Hapo ndio mama yake Mbuyi alifika. Mama Kapinga. Unamukumbuka ku ndoa: mwembamba, mweusi, hakuinua macho siku nzima. Sikumuona kuingia. Nilisikia tu kikwembe ya kujifunga inapita, na sauti inauliza nesi: "Huyu ndio mukwe yangu?" Mi nikafunga macho haraka sawa mutoto ameiba sukari.

We unajua vile desturi iko. Marehemu tata mwenye kutuzaa, akiona mama yake mama anakuja pa njia, alikuwa anaruka mu majani na suruali yake ya siku kuu ya Yesu Mufalme, iliyopigwa pasi. Hakuna kusalimiana mukono, hakuna kula pamoja, hakuna kuitana jina. Na Bakasai, batu ba kwake, bameongeza chumvi: kwao mama mukwe asikuone hata na singileti. Sasa mi nilikuwa pale uchi chini ya shuka, ninanuka.

Alisimama sana. Kisha akafungua kikwembe yake ya juu, ile ya maua ya njano, akanifunika nayo uso. Uso, Yaya, haikuwa kidonda. Akanifunika uso yangu vile banafunika maiti, akainua shuka, akaomba nesi maji ya chumvi, akaanza kuosha. Nilielewa nyuma: kama sioni, basi mi siko pale. Iko tu mwili, na mwili haina mukwe. Anafanya vile mupaka leo, kila asubui. Mi chini ya maua ya njano, nawaza mambo ya kuchekesha, hakuna wa kuambia. Siku ile ya kwanza nililia mule ndani, na yeye alijua, juu kikwembe ililoana. Aliiondoa akaikausha pa dirisha.

Kidonda ilifunga polepole. Daktari akanipa koseti ya plastiki ngumu ya kushika kifua na kiuno, akasema naweza kuanza kukaa. Na fasi ya kwenda sina, nyumba tulipanga na Mbuyi ilishachukuliwa. Mama Kapinga akaniingiza mu nyumba yake hapa Kapata, ile nyumba ya kampuni marehemu bwana yake aliacha, mu musitari ya nyumba zenye kufanana, na udongo mwekundu mupaka ku madirisha. Mukwe kulala chini ya dari ya mama mukwe! Akanipa chumba ya mbele. Yeye akahamia ku jikoni ya nyuma. Mu mulango katikati akatundika pazia.

Sasa sikia namna tunaishi. Yeye hawezi kuniambia neno na mi siwezi kumuambia neno. Basi anasema na mbabula. Ndiyo, ile mbabula, jiko ya makala. Anaiweka pa kizingiti, anaangalia moto, anasema:

"We mbabula, mwambie mutu fulani kama maji iko tayari, na aache kukaza miguu sawa fundi anafunga mabolti."

Na mi najibu: "Mbabula, mwambie mama ya batu kama mi sikazi, miguu inakaza yenyewe, haniulizake."

"Mbabula, mwambie kama bukari, ile ugali ya jana, hakumaliza."

"Mbabula, sema ilikuwa nyingi."

"Mbabula, mwambie nyingi ni ile ya kuweka mu mufuko. Ile ilikuwa ya mutoto."

Siku ya mvua kubwa, mbabula inaingia ndani kabisa, anasema na ndoo. Siku moja alikasirika, hakusema na mbabula wala ndoo, alisema na Mungu, mbele yangu, kwa Kiluba, muda mrefu. Ile niliogopa.

Unacheka. Mi pia nilicheka mwanzo, nilifikiri ni mambo ya kuhadisia mu gari mupaka Lusaka. Lakini saa ya kula, Yaya. Yeye nyuma ya pazia, mi mbele ya pazia. Nasikia anamega bukari. Nasikia anameza. Na yeye ananisikia. Tuko batu wawili mu nyumba, kila mumoja anakula peke yake, na hakuna mutu mwingine anaingia. Bakamaradi banapita mara moja moja, banasimama pa mulango na kofia mu mukono, banauliza "inaenda?", nasema "inaenda!", na pikipiki yao haikuzimwa. Mi mwenye nilikuwa sikosi batu kumi na mbili pa meza, leo nikisikia lori inapita barabarani naitambua kwa sauti, naita jina ya dereva wake polepole, kama salamu.

Habari muzuri iko pia. Kidole kikubwa cha muguu wa kuume kiliamuka! Ndiyo, kilianza siku moja chini ya kikwembe, Mama Kapinga akakiona yeye kwanza. Akasema: "Mbabula! Mbabula!" na akakishika na mikono yote mbili. Sasa muguu wa kuume unanisikia, wa kushoto unafikiri. Kuna mama moja wa hopitali mwenye kufundisha viungo, bote banamuita Mama Kine, anakuja kunivuta na kunikunja. Jirani mwenye kuchomelea byuma alitutengenezea ku uwanja bomba mbili za kushika, huku na huku, na mi katikati najifunza kusimama. Mama Kine anasema kama nikioshwa, nikigeuzwa na nikisukumwa kila siku bila kukosa, nitatembea na fimbo mbili mupaka barabarani. Kama nikikosa mutu, kidonda itarudi, na safari hii itakula mupaka mufupa. Alisema vile bila kupunguza sauti.

Ndio maana mambo ya Tata Tshibangu imenitoa usingizi. Ni mudogo wa marehemu bwana ya Mama Kapinga, muzee wa reli, anapiga tai hata ya kwenda chooni. Alikuja siku ya Mungu, nyuma ya misa, akavuta kiti mbele yangu.

"Muke yako eko wapi?"

"Likasi, tata. Anasalimia shangazi."

"Shangazi gani anasalimiwa toka kiangazi mupaka mvua?"

Nikanyoosha shuka pa magoti. Mi, Ngoy, kunyoosha shuka! Akageuka ku pazia.

"Mama Kapinga, sikia. Mutoto yako aliacha huyu mutu. Mujukuu hakuna. Basi, kama huyu si mukwe tena, ni mwanaume tu, anafanya nini mu nyumba ya marehemu kaka? Na kama ni mukwe bado, we unamuosha namna gani? Chagua. Ku pande zote mbili ni haya. Bamama ba kanisa banasema."

Mbabula ikasogea pa kizingiti.

"Mbabula, mwambie shemeji yangu kama nilikuta huyu mutu na kidonda ya kuingiza ngumi. Muulize siku ile yeye na desturi yake balikuwa wapi."

"Mi siongeake na mbabula!"

"Mbabula, mwambie basi anyamaze, juu mbabula ndio inasikia kuliko yeye."

Muzee alivuta tai, akasema neno ya mwisho. Na Yaya, si mutu mubaya. Alisema jamaa yangu ikuje. Mukubwa wetu asimame mu hii nyumba, alete kikwembe na kuku mwenye uhai, aseme mbele ya batu kama mi ni mukwe ya hii nyumba bado, na kama sisi tunamushukuru huyu mama. Hapo Mama Kapinga na mi tutakula sahani moja mbele yao bote, na haya itakuwa imekwisha. Ataniosha na ataniita jina. Bila vile, mvua ikiisha anamupeleka Mama Kapinga Lubumbashi kwa mutoto wake mukubwa, na nyumba itafungwa.

Sasa utasema: Ngoy, juu ya nini hukuniita siku ileile? Juu mi ni Ngoy. Nilisema mambo ya kikwembe na kuku, mi mwenye nilipitisha makontena mupaka, nitashindwa? Nikaita Gaston na bakamaradi wawili ba gari. Nikabavalisha. Gaston nilimupa koti yangu ya Ndola, ilimufinya mukono sawa soseji. Nikabaambia: we Gaston ni baba mudogo yangu, umetoka Kiambi, umechoka na safari, usiseme mingi. Bakaleta kikwembe muzuri kabisa. Bakaleta kuku.

Tata Tshibangu akabakaribisha, akabapa munkoyo ya kunywa, akauliza polepole:

"Baba mudogo, Kiambi iko muzuri?"

"Muzuri sana, tata! Mvua tu."

"Na nyumba yenu iko upande gani?"

Gaston akaniangalia. Mi nikaangalia dari.

"Karibu ya gare, tata. Ukishuka ku treni, unaiona."

Yaya, treni! Kiambi, fasi hakuna reli! Muzee wa reli akaweka kikombe chini. "Mi nilifanya kazi ku reli mupaka nikazeeka," akasema, "na ile gare baliijenga lini?" Gaston, juu ya kuokoa mambo, akajibu: "Ni ya juzi juzi." Nyuma ya pazia nikasikia kitu inamwagika. Nikafikiri ni maharagi. Ilikuwa Mama Kapinga anacheka. Sikujua kama anajua kucheka, alicheka mupaka akapiga ukuta na mukono. Na Tata Tshibangu alibaki na kuku mu magoti, hakucheka. Akasema: "Mulitaka kununua mama huyu na batu ba kukodi. Sasa munaongeza uongo juu ya haya." Akarudisha kikwembe. Kuku pia. Gaston alikula ile kuku pa njia, na koti yangu hakurudisha.

Nilifikiri ni mambo ya kucheka itapita. Lakini muzee hakurudi, na bamama ba kanisa sasa bakipita habaitikiake salamu ya Mama Kapinga. Anatoka peke yake kuteka maji, anarudi peke yake. Yeye pia amekuwa mugeni mu Kapata, fasi alizalia batoto wake bote, na ni juu yangu.

Wiki iliyopita nilitaka kumufurahisha. Mama Kine alikataza nisisimame bila yeye, lakini unanijua. Nikajivuta mupaka ku byuma, nikaita: "Mbabula! Mwambie mama atoke aone mwanaume!" Akatoka. Nikasimama, Yaya. Nilisimama sawa bendera. Nikaachilia mukono moja juu nimupungie. Goti ya kushoto ikanisaliti.

Alikimbia. Alinidaka chini ya mikono, kifua kwa kifua, kikwembe ya uso haikuwa karibu, hakuna mbabula, hakuna kitu katikati yetu. Niliona macho yake kwa mara ya kwanza. Ni macho ya Mbuyi, imechoka tu. Alinishusha chini polepole sawa yai, akanikalisha vizuri, akaangalia kama mugongo haukujikunja. Kisha akaona amemukumbatia mukwe yake ku uwanja, mbele ya nyumba za batu. Akaondoka bila kugeuka. Akaenda kukaa nyuma ya jikoni, uso ku ukuta. Siku ile hakula. Kesho yake pia hakula mupaka jua kuzama. Niliita mbabula, ndoo, sufuria, byombo byote bya nyumba, hakuna hata kimoja kilinijibu. Asubui alikuja kuniosha sawa kila siku.

Yaya, ulinitumia neno kama nirudi nyumbani mutanichunga. Nilishika ile neno mu kifua. Lakini ile barabara ya Mitwaba inavunja hata batu wazima, na Kiambi hakuna Mama Kine wala bomba za kushika. Siwezi kukuja. Ni we ukuje. Tata hayuko, mama hawezi safari, we ndio mukubwa wetu, na Tata Tshibangu anataka mukubwa. Mama muuza chumvi mwenye kukuletea hii barua atarudi huku na gari yake, nilimuomba akuweke mbele na dereva, si juu ya mifuko. Kuku leta wa kwetu, mwenye kujua kukimbia. Hapa kuku bote banatoka Zambia mu makaratoni, balikufa zamani. Kikwembe chagua we mwenyewe, mi macho yangu ilishapotea mu maua ya njano. Maneno ya kusema unayajua kuliko mi. Ukikosa, sema tu vile ulikuwa unasema na mama ya tata mukigombana, na kisha unalia.

Ao usikuwe na kikwembe, usikuwe na kuku. Ukuje. Mvua iko karibu kuisha.

Nisalimie mama, na usimusomee fasi ya kidonda. Umusomee fasi ya Gaston mara mbili. Nisalimie bwana yako, umwambie fimbo mbili ninazongoja, yeye fundi anaweza kuzitengeneza na bomba ya baiskeli, nyepesi kuliko za hopitali. Nisalimie mama mudogo wa ng'ambo ya Luvua mwenye kunilea na maziwa ya mbuzi, kama angali anasikia. Nisalimie batoto wako, na ule mwenye banasema anafanana na mi, umuchape mbele, asianze. Nisalimie mwalimu wa darasa la nne mwenye alisema sitaweza kuandika barua. Umuonyeshe bahasha tu.

Na sikia muzuri, Yaya. Ukifika hapa Kapata, utanisikia naita toka chumba ya mbele. Nitaita jina yako na nguvu yote, unanijua, nitalia sawa mutoto. Usijibu. Usiingie kwangu. Pita pembeni ya nyumba, uende nyuma ku jikoni, upige magoti pale chini mbele ya ule mama, na umuite jina yake kwa sauti, majirani basikie. Ubaki naye. Mi nitangoja zamu yangu.

Mudogo wako,
Ngoy